SOMO: Kutafuta njia ya baiskeli ya lami na vumbi ukiwa mgeni mjini (mfano: Moshi)

Wakuu, kila likizo ikikaribia naulizwa swali lilelile: "Nakuja Moshi na baiskeli, nipite wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano ni Moshi kwa sababu ndiko ninakoendesha, ila utaratibu huu unafaa mji wowote uliokaa chini ya mlima, Arusha na Mbeya zikiwemo.

1. Panga kwa saa, usipange kwa kilomita. Kilomita 30 za tambarare kwenda Mabogini na kilomita 30 za kupanda Uru ni siku mbili tofauti.

2. Fungua OpenStreetMap (ramani ya bure ya mtandaoni) na picha ya satelaiti, ulinganishe. Ramani ya Strava (programu ya kurekodi safari za baiskeli na za miguu) inayoonyesha wanakopita watu nayo inasaidia, ila chagua baiskeli peke yake, la sivyo utafuata nyayo za wapanda mlima.

3. Soma mito kabla ya kusoma barabara. Hapa ndipo wageni wengi wanakwama, kwa hiyo soma taratibu. Maji ya Kilimanjaro yanashuka toka juu na yamechimba mabonde marefu. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo, watu wamejenga humo, na barabara inapanda na mgongo wake. Ndiyo maana Uru ina barabara yake, Kibosho yake, Machame yake. Ukipanda mgongo mmoja unachoka, lakini unajua uko wapi. Balaa linaanza ukitazama simu ukaona Uru na Kibosho zimekaribiana, ukaamua kukatisha. Katikati kuna bonde la Karanga. Unashuka umeshika breki mpaka vidole vinakufa ganzi, mtoni unakuta magogo mawili ndiyo daraja, ng'ambo unapanda baiskeli ikiwa begani. Ukitaka kuendelea hadi Machame, mto Weruweru nao unakusubiri.

Tahadhari za hatua hii:
- Mabonde yakiwa membamba, programu nyingi zinapunguza kimo cha kupanda. Usiziamini.
- Mstari wa nukta kwenye ramani ni njia ya miguu. Usiujaribu saa kumi jioni.
- Daraja liulizie hata kama ramani inalo.
- Masika, Machi hadi Mei, usikatishe mabonde kabisa. Udongo wa mlimani ukilowa unateleza kama mlenda.

4. Uliza wenyeji, lakini uliza vizuri. Ukisema "njia hii inapitika?" utajibiwa inapitika, kwa sababu mwenzako anapita kila siku kwa miguu. Tafuta kijiwe cha bodaboda, salimia kwanza, kisha uliza: "Abiria anashuka sehemu gani?" Pale abiria anaposhuka, na wewe utashuka. Swali hilo moja lina faida kuliko programu zote.

5. Panda kwa vumbi, shuka kwa lami. Najua wengi wanafanya kinyume. Ukipanda mwendo ni mdogo, shimo unaliona. Ukishuka kwa kasi vihambani (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba), mtoto anachomoka kwenye migomba na hujamwona. Ni njia za watu, wana haki ya kuzipita bila hofu.

6. Msitu wa Rau ni hifadhi, lipia kibali. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro kuna ada na taratibu zake, usijipenyeze.

MASWALI

Mzee wa Gia: Mkuu, tupia basi njia moja iliyo tayari tupakue, maelezo marefu.
Jibu: Hapana. Njia ya Januari siyo njia ya Aprili. Soma hatua ya 3.

Kipepeo: Nakuja mwezi wa nne. Naweza kutoka Uru mpaka Machame kwa juu?
Jibu: Tahadhari ya mwisho, hatua ya 3.

Kipepeo: Nimeuliza tu kaka, usikasirike.
Jibu: Sijakasirika dada. Sitaki uteleze bondeni ukiwa peke yako. Mwezi huo panda Uru kwa lami, urudi njia hiyohiyo.

Mama Kijani: Shikamoo. Nimeona kwenye satelaiti kuna mistari myembamba inayozunguka mlima bila kupanda wala kushuka. Ni njia?
Jibu: Marahaba mama, umeona vizuri. Hiyo ni mifereji ya asili ya Wachagga, inatoa maji mtoni na kuyapeleka vihambani. Maji hayapandi, kwa hiyo mfereji unafuata usawa wa mlima, na pembeni yake mara nyingi kuna kijia. Vijia hivyo ni vitamu kuliko barabara zote, ila ni vyembamba, na kingo ni za udongo. Tairi likibomoa ukingo, kuna shamba linakosa maji. Kukiwa kumelowa shuka utembee, na ukikuta watu wanasafisha mfereji subiri wamalize.

Mama Kijani: Asante sana. Na kwa anayeogopa milima?
Jibu: Teremka kusini. Mabogini na Chekereni kuna mashamba ya mpunga, tambarare tupu, barabara za vumbi kando ya mifereji mikubwa, na mlima uko mgongoni mwako. Ondoka alfajiri, joto la kule si la mchezo. Na kuna mbigiri: beba tyubu mbili, viraka na solusheni. Ukipata pancha usichomoe mwiba mmoja ukaridhika, pitisha vidole ndani ya tairi lote.

Fundi Msaranga: Naongezea kwa wenye valvu nyembamba: pampu zetu za vijiweni ni za valvu ya gari. Njoo na kile kiungo kidogo cha shaba cha kufunga juu ya valvu.
Jibu: Kweli kabisa fundi. Na vinunuliwe kabla ya kusafiri, tyubu na kiungo cha akiba, vyote.

Mzee wa Gia: Hicho kiungo kinapatikana Moshi?
Jibu: Fundi yuko hapo juu yako, muulize.