Kununua nyumba nje ya mji Marekani bila malipo ya awali: jinsi ya kufuzu mkopo wa USDA

Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ina mikopo ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini na cha kati wanaokubali kuishi nje ya miji mikubwa. Mpango huu unatokana na sheria ya nyumba ya mwaka 1949, kifungu cha 502, na unasimamiwa na idara ya wizara iitwayo Rural Development. Si lazima uwe mkulima. Tena, nyumba yenye majengo yaliyojengwa hasa kwa ajili ya biashara, kwa mfano mabanda ya kuku wa kuuza, inakataliwa. Bustani ya mchicha wa kula nyumbani haina neno.

Familia nyingi zetu huku Marekani hukosa mkopo huu ilhali mshahara upo, na kisa kikubwa ni kuchanganya hesabu mbili. Ya kwanza inauliza kama kaya yenu ina kipato kikubwa kupita kiasi. Ya pili inauliza kama wewe unayesaini una kipato cha kutosha kulipa. Hesabu hizi hazihesabu watu wale wale wala fedha zile zile. Ukizitenganisha tangu mwanzo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Jua unaomba mkopo upi

Ipo mikopo miwili. Wa kwanza ni wa dhamana, ambao maofisini unaitwa Guaranteed. Hapa fedha hutoka benki au kwa mkopeshaji mwingine aliyeidhinishwa, na serikali humdhamini mkopeshaji huyo hadi asilimia 90 ya mkopo. Lielewe vizuri neno dhamana: anayelindwa ni mkopeshaji, si wewe. Ukiacha kulipa, nyumba inakwenda. Mkopo ni wa miaka 30, riba haibadiliki, na malipo ya awali ni sifuri.

Wa pili ni wa moja kwa moja, unaoitwa Direct. Huu unatoka Rural Development yenyewe, kwa watu wa kipato cha chini na cha chini kabisa. Muda ni miaka 33, na wenye kipato kidogo zaidi wanaweza kupewa 38. Ukistahili, kuna ruzuku inayoshusha riba unayolipa hadi asilimia 1. Ruzuku hiyo si zawadi moja kwa moja: siku ukiuza nyumba au ukihama, serikali inaweza kudai sehemu yake kutokana na faida ya thamani iliyoongezeka. Huu unauomba katika ofisi ya Rural Development ya eneo lako, si benki.

Kama kipato cha kaya kiko chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lenu, yaani kile ambacho nusu ya kaya za eneo ziko juu yake na nusu chini yake, anza kuuliza Direct. Ukiwa juu ya hapo, nenda kwenye dhamana. Hatua zinazofuata zinahusu zaidi mkopo wa dhamana.

Hatua ya 2: Hakikisha anwani inakubalika

Fungua eligibility.sc.egov.usda.gov, chagua ramani ya nyumba za familia moja, andika anwani kamili. Usitafute kwa jina la mji tu. Mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, upande huu ukakubaliwa na ule ukakataliwa. Kwa kawaida maeneo yanayofaa ni yenye watu wasiozidi 20,000, na baadhi ya miji iliyokuwa kwenye mpango zamani inaruhusiwa hadi 35,000. Katikati ya Louisville, Des Moines au Dallas hakufai, lakini miji midogo mwendo wa dakika 40 kutoka kazini inaweza kufaa kabisa. Angalia ramani kabla ya kumlipa mtu yeyote hata senti, kisha umwombe mkopeshaji aithibitishe anwani hiyo siku unapotoa ofa, kwa sababu ramani hurekebishwa.

Hatua ya 3: Hadhi yako ya uhamiaji

Raia anakubalika. Mwenye kadi ya kijani anakubalika. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamo katika kundi la wageni ambalo sheria ya mwaka 1996 ya misaada ya serikali imelitaja, basi wapeleke I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, au barua ya hifadhi mapema ili mkopeshaji aithibitishe. Viza ya kazi au ya masomo peke yake haitoshi.

Hatua ya 4: Hesabu ya kwanza, kipato cha kaya

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu.

Hesabu kipato cha mwaka cha kila mtu mzima anayeishi, au atakayeishi, ndani ya nyumba. Awe kwenye mkopo au asiwe. Mdogo wako anayelala chumba cha chini na kufanya kazi ghalani anahesabiwa. Mama mkwe anayepokea malipo ya uzeeni anahesabiwa. Mtu akificha mtu, marejesho ya kodi na anwani kwenye leseni humfichua, na kusema uongo kwenye ombi la mkopo wa serikali ni kosa la jinai.

Ukomo ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo. Kwa mwaka 2025, katika kaunti nyingi ukomo wa kaya ya watu 1 hadi 4 ulikuwa dola 119,850, na wa watu 5 hadi 8 ulikuwa dola 158,250. Kaunti za gharama kubwa zina ukomo wa juu zaidi. Jedwali liko kwenye tovuti ile ile na hubadilishwa kila mwaka.

Ukishapata jumla, toa punguzo. Watu wengi huliruka. Toa punguzo la kila mtoto aliye chini ya miaka 18, ambalo mwaka 2025 lilikuwa dola 480. Toa gharama halisi za kulea watoto wa miaka 12 na chini unazolipa ili uweze kufanya kazi au kusoma. Ikiwa mwombaji ana miaka 62 au zaidi, au ni mlemavu, kuna punguzo jingine moja kwa kaya, na gharama za matibabu zinazozidi kiwango fulani cha kipato nazo hutolewa. Kijana mtu mzima anayesoma muda wote, ambaye si mwombaji wala mwenzi wa mwombaji, mshahara wake huhesabiwa sehemu ndogo ya kwanza tu.

Chukua kaya ya watu wanne: mume anapata 58,000 kwa mwaka, mke 41,000, mdogo wa mume 30,000, na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Jumla ni 129,000, wamepita. Toa 480 za mtoto. Toa 9,000 wanazolipa kituo cha kulelea watoto. Inabaki 119,520, wamo ndani ya ukomo wa 2025 kwa dola 330. Lakini zile 9,000 zinahitaji stakabadhi. Kama mtoto analelewa na jirani anayelipwa taslimu bila maandishi, punguzo halipo, na familia hii inakataliwa. Anza kulipa kwa hundi au kwa simu, na umwombe mlezi barua yenye tarehe na kiasi.

Hatua ya 5: Hesabu ya pili, uwezo wa kulipa

Sasa hesabu wale tu watakaosaini mkopo, na kipato kinachothibitika na kinachotarajiwa kuendelea. Mdogo wa mume anatoka kwenye hesabu. Mume na mke wana 99,000 kwa mwaka, sawa na 8,250 kwa mwezi kabla ya makato.

Kanuni ni asilimia 29 na 41. Gharama zote za nyumba kwa mwezi, yaani deni, riba, kodi ya ardhi, bima na ada ya mwaka ya USDA, zisizidi asilimia 29 ya kipato: hapa ni 2,392. Ukijumlisha nyumba na madeni mengine yote, zisizidi asilimia 41: hapa ni 3,382. Programu ya kompyuta ya USDA inaweza kukubali zaidi kwa mwombaji mwenye rekodi nzuri, ila usipange maisha yako juu ya huruma hiyo.

Kinachoua ombi hapa ni magari. Kama wana magari mawili ya mkopo, moja 700 na jingine 650, jumla ni 1,350. Ondoa kwenye 3,382, nyumba inabakiwa na 2,032 badala ya 2,392. Ndiyo maana kubadilisha gari miezi mitatu kabla ya kununua nyumba ni kosa kubwa. Mkopo wa masomo usiolipiwa kwa sasa pia unahesabiwa: malipo yakiwa sifuri, mkopeshaji huchukua asilimia 0.5 ya salio. Deni la 30,000 linasomeka kama 150 kwa mwezi.

Wengine husema, basi mke asiwekwe kwenye mkopo kwa kuwa ana madeni. Katika majimbo yanayohesabu mali ya ndoa kuwa ya wote wawili, Texas, Arizona na Idaho yakiwemo, madeni ya mwenzi huhesabiwa hata asiposaini. Mnapoteza kipato chake na madeni yake yanabaki.

Hatua ya 6: Krediti na karatasi

USDA haijaweka alama za chini kabisa za krediti, yaani namba inayopima ulivyolipa madeni yako, lakini ukiwa na 640 na zaidi njia ya kompyuta huwa rahisi. Chini ya hapo faili husomwa kwa mkono, na wakopeshaji wengi hukataa kwa kanuni zao wenyewe. Akikataa mmoja, muulize mwingine kama husoma faili kwa mkono. Asiye na alama kabisa anaweza kuonyesha miezi 12 ya kodi ya pango, umeme na bima vilivyolipwa kwa wakati. Deni la serikali kuu lililochelewa huzuia ombi mpaka lipatiwe suluhu.

Andaa W-2 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka) na marejesho ya kodi ya miaka miwili, stakabadhi za mshahara za siku 30 za karibuni, na taarifa za benki za miezi miwili. Wenye malori yao wenyewe wasikilize: mkopeshaji hasomi mapato ya lori, anasoma faida iliyobaki kwenye Schedule C, ile fomu ya kodi ya anayejiajiri. Ukiwa umeingiza 180,000 na ukaandika faida ya 22,000 ili kukwepa kodi, kipato chako ni 22,000, ukiongezewa vitu kama uchakavu wa lori. Hilo linarekebishwa kwenye kodi ya mwaka ujao, si wiki ya kuomba.

Tena, upatu. Zamu yako ya likelemba au chama ikiingia benki, dola 6,000 kwa mkupuo, mkopeshaji atauliza zimetoka wapi. Anahofia ni deni lililofichwa. Weka orodha ya wanachama, tarehe za michango na rekodi za simu zinazoonyesha ulivyochangia. Kama zamu imekaribia na huna rekodi, zungumza na mkopeshaji kabla ya kuziingiza.

Hatua ya 7: Nyumba yenyewe, na fedha za siku ya kusaini

Lazima uishi humo. Mthamini huangalia thamani na pia usalama: paa, msingi, umeme, joto, maji. Nje ya miji utakutana na kisima na tangi la maji taka. Dai maji yapimwe na tangi likaguliwe. Kipimo cha kawaida ni kisima kuwa futi 50 kutoka kwenye tangi na futi 100 kutoka eneo ambako maji taka hunywewa na ardhi. Uthamini si ukaguzi. Lipa mkaguzi wako mwenyewe, maana kubadilisha mfumo wa maji taka kunaweza kumeza akiba yote.

Malipo ya awali ni sifuri, lakini gharama za kusaini zipo. Muuzaji anaruhusiwa kuchangia hadi asilimia 6 ya bei, kwa hiyo mwambie dalali aliandike hilo kwenye ofa. Nyumba ikithaminiwa juu ya bei, tofauti hiyo inaweza kulipia gharama ndani ya mkopo.

Kuna ada mbili za dhamana. Ya mara moja ni asilimia 1 ya mkopo, na inaweza kuingizwa ndani yake: nyumba ya 180,000 inakuwa mkopo wa takriban 181,818. Ya mwaka ni asilimia 0.35 ya salio, hapa kama dola 53 kwa mwezi mwaka wa kwanza. Kwa riba ya mfano ya asilimia 6.5, deni na riba ni kama 1,149; ongeza 53, kodi ya ardhi 200 na bima 150, unafika 1,552.

Hatua ya 8: Kusubiri kibali

Mkopeshaji akimaliza, faili huenda Rural Development ili itoe kibali cha masharti. Bila kibali hicho hakuna kusaini. Foleni hurefuka kila tarehe 1 Oktoba, mwaka mpya wa bajeti unapoanza, na serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti vibali husimama. Tarehe yako ya kusaini ikiangukia hapo, iandike ofa iwe na nafasi ya kuongeza siku. Katika kipindi hiki usibadilishe kazi, usifungue kadi mpya, usidhamini gari la ndugu. Krediti huangaliwa tena kabla ya kusaini.

Ukishahamia, nenda ofisi ya kaunti uulize kama jimbo lenu linapunguza kodi ya ardhi kwa mwenye nyumba anayeishi humo, na ujaze fomu kabla ya tarehe ya mwisho. Nyumba mpya hasa huonja hili: mwaka wa kwanza kodi huweza kutozwa kwa kiwanja kitupu, mwaka wa pili nyumba ikahesabiwa, na malipo ya kila mwezi yakapanda ingawa riba haijaguswa.