Gari la zamani linalokataa kuwaka: soma hapa kwanza

Swali ni lile lile kila mara: "Injini inazunguka lakini haishiki." Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo utaratibu wote huu hapa. Ni wa injini za petroli zenye kabureta na platini (swichi ndogo ndani ya distribiuta inayokata umeme wa koili ili cheche itoke): Datsun 1200, Peugeot 504, Beetle, Land Rover Series III na wenzao. Kama gari lako lina kompyuta, tafuta somo lingine.

Fuata mpangilio. Usiguse kabureta kabla ya hatua ya 5. Kabureta nyingi zilikuwa nzima mpaka siku zilipofunguliwa.

1. Betri. Ikiwa imepumzika isome volti 12.6, 12.2 ni nusu ya chaji. Ukipiga stata ikishuka chini ya 9.6, ichaji au ipimwe.

2. Waya wa athi. Mita iguse nguzo hasi ya betri na chuma cha injini huku mwenzako akipiga stata. Ikizidi nusu volti, kuna kutu kwenye vifungo. Brashi ya waya.

3. Cheche. Toa plagi moja, ichomeke kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, piga stata. Ikiwa ya bluu na inalia, ruka hadi hatua ya 5. Ya njano, au hakuna kitu, endelea.

4. Platini. Hapa ndipo kazi huharibika. Toa kifuniko cha distribiuta na rota. Weka gia huru, uzungushe injini kwa spana kwenye puli ya krenki hadi kisigino cha platini kikae kwenye kilele cha nundu ya shafti ya distribiuta, pale platini zinapoachana zaidi. Kilele, si mteremko: ukipima kwenye mteremko utaweka pengo kubwa kupita kiasi bila kujua. Beetle na 504 ni milimita 0.4, Land Rover 0.35 hadi 0.40; Datsun 1200 0.45 hadi 0.55. Fila geji (bamba jembamba la kupimia pengo) ipite ikigusa kidogo pande zote bila kusukuma. Kaza skrubu, halafu pima TENA, maana kukaza huvuta bamba. Kisha pitisha karatasi safi katikati ya nyuso mbili. Mafuta ya kidole au ya fila geji yenyewe yanatosha kuua cheche. Paka grisi kidogo sana kwenye nundu, la sivyo kisigino kitalika na pengo litajifunga.

Maonyo. Pengo likibadilika, taimingi (wakati cheche inapotoka) nayo inabadilika: likipanuka cheche inawahi, likibana inachelewa. Pengo kwanza, taimingi baadaye, kamwe si kinyume. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imesimama. Platini zikiwa zimefungana, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) inachemka hadi inakufa. Na platini mpya zikiungua mapema, shuku kondensa (kikopo kidogo cha umeme kinacholinda platini) kabla ya kununua platini nyingine.

5. Petroli. Chomoa waya mwembamba wa koili ili kusiwe na cheche, elekeza mpira wa kabureta kwenye chupa, piga stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Isipotoka: chujio, mpira uliopasuka unaovuta hewa, au kiwambo cha pampu. Petroli iliyolala miezi tankini, imwage.

6. Choki. Injini ikiwa baridi, kipepeo (kibamba kinachoziba njia ya hewa ya kabureta) kifunge kabisa. Angalia kwa macho, usiamini kitufe.

7. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): ipime kwa geji, baada ya kurekebisha tapeti (nafasi ya valvu).

Na tafadhali, msimwage petroli kwenye koo la kabureta huku mtu akipiga stata. Ikirudisha moto, ni wewe na boneti.

MASWALI

mzee_wa_njoro: Gari yangu haishiki asubuhi. Shida?

Jibu: Aina gani? Cheche ipo? Hatua ya 1 hadi 3, halafu urudi.

mzee_wa_njoro: Nimebadilisha plagi, pampu na kabureta. Fundi alisema cheche hana haja ya kupima.

Jibu: Basi muulize fundi.

ka504: Jaduong', nimepanga waya za plagi kwa mfuatano wa silinda 1-3-4-2 kama kitabu kinavyosema, lakini inapiga moto kwenye kabureta.

Jibu: Swali zuri. Silinda ya kwanza umeihesabu kutoka wapi? Kwenye 504 ya petroli ni ile ya upande wa gurudumu zito (nyuma, kwenye klachi), si ya radieta. Ukianzia mbele, mfuatano unabaki ule ule ila cheche inakuja wakati wa kutoa moshi. Sogeza waya zote nafasi mbili kwenye kifuniko, ujaribu.

dala_kisumu: Asubuhi inashika mara moja. Nikisimama Kibuye saa saba mchana robo saa hivi, inakataa.

Jibu: Joto la injini linachemsha petroli ndani ya kabureta na kuimwaga kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini). Kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, piga stata sekunde 5 hadi 10. Kisha kagua kizuia joto kati ya kabureta na manifoldi, na mpira usiguse ekzosi. Lakini pima cheche palepale ikiwa moto. Koili mbovu huigiza ugonjwa huo huo.

nakuru_1200: Kompresheni ni 125 psi silinda zote. Fundi anataka kutoboa bloku (kupanua silinda).

Jibu: Asiguse. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Hiyo 125 ni kama 155 ya Mombasa. La muhimu ni silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Ikiwepo ya chini, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu lake: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

ka504: Imewaka! Asante. Ila platini zinaungua hata na kondensa mpya.

Jibu: Pima koili kati ya vituo viwili vidogo. Kama gari halina rezista ya koili, inatakiwa ohm 3 hivi. Ukikuta 1.5, umeuziwa ya gari lenye rezista, na mkondo unaopita kwenye platini ni karibu mara mbili. Badilisha koili au ongeza rezista ya ohm 1.5.

mzee_wa_njoro: Nimepima. Cheche hakuna.

Jibu: Sasa tunaongea. Hatua ya 4.