Nada, nadie, ninguno, nunca: namna ya kuvipeleka Kiingereza ukianzia kichwani kwa Kiswahili

Hii ni kwa wote mnaotafsiri Kihispania kwenda Kiingereza hapa Dar, we unayepokea wageni pale Kivukoni wanaovuka kwenda Zanzibar, we unayetafsiri barua za biashara za watu, hata we uliyeanza kujifunza baada ya kocha Gamondi kuja Yanga mwaka 2023 ukaanza kufuatilia mpira wa kwao Argentina. Wengi naona wanakwama palepale, kwenye maneno ya kukanusha, yani nada (kitu chochote), nadie (mtu yeyote), ninguno (hata mmoja) na nunca (kamwe), na wanakwama kwa sababu wanaruka kutoka Kihispania moja kwa moja kwenda Kiingereza wakati wana lugha wanayoijua kuliko zote mbili na ndo inayokanusha kama Kihispania. Pita Kiswahilini kwanza. Nasema hivi kwa dhati kabisa maana nikiona tafsiri imegeuza maana ya mtu naumia, mtu kasema hapana we umeandika ndiyo.

Chukua sentensi hii, No ha venido nadie. Kwetu ni "hajaja mtu". Angalia zilivyokaa, kukanusha kumeanza mbele kwenye kitenzi, mtu anakuja nyuma. Sasa ukiipeleka Kiingereza neno kwa neno unapata hasi mbili, na Kiingereza sanifu kinataka hasi moja tu kwa sentensi, kwahiyo kazi yako ni kuamua hiyo moja inakaa wapi. Mtu akiwa ndo mtenda, hasi iweke kwake: "Nobody has come". Akiwa ndo anayetendwa, hasi iache kwenye kitenzi: No conozco a nadie, simjui mtu yeyote, "I don't know anybody". Na hiyo a kabla ya nadie isikusumbue, Kihispania huiweka pale anayetendwa ni mtu, Kiingereza hakiihitaji.

Ukikutana na Nadie ha venido, yani nadie imetangulia na no haipo, maana ni ileile. Neno la kukanusha likikaa kabla ya kitenzi, no inaondoka, likikaa baada ya kitenzi, no lazima iwepo. Usiitafutie maana ya ziada.

Kuna kitu kimoja ukikishika hiki mengine yote yanakuwa mepesi. Nada imetoka kwenye Kilatini res nata, kitu kilichozaliwa, na nadie nayo imetoka kwenye nati, waliozaliwa. Yani mwanzoni kabisa zilikuwa "kitu" na "mtu" tu, kukanusha kulibebwa na no, sawasawa na sisi tunavyosema sina kitu, sikuona mtu, hakuna anayesema kwamba "kitu" ni neno la kukanusha. Baadaye zikakaa sana na no mpaka zikaweza kukanusha zenyewe, lakini ile asili bado inachungulia na inaonekana kwenye sentensi ambazo hazina no kabisa. Mejor que nunca, bora kuliko wakati wowote, "better than ever". Más que nadie, kuliko mtu yeyote, "more than anyone". Salió sin decir nada, alitoka bila kusema chochote, "he left without saying anything". Ukiona que ya kulinganisha au sin, mkono wako uende kwenye any na ever, sio kwenye no na never. Ukiandika "better than never" umeshaua sentensi, na kibaya zaidi inasomeka kama Kiingereza kizuri tu, msomaji hatajua kama kuna kosa, ataelewa kitu kingine.

Sasa tuchukue moja ndefu tuivue taratibu: Nunca le dice nada a nadie. Kihispania kimeweka tatu humo, nunca, nada, nadie, na ni sentensi safi kabisa. Kiswahili: hamwambiagi mtu kitu chochote, au ukitaka ya kuandikia, kamwe hamwambii mtu yeyote chochote. Uliza, ipi ndo hasi yenye nguvu? Nunca, imetangulia. Basi hiyo ndo inakuwa never, zinazobaki zote zinageuka: "He never tells anyone anything". Anaweza kuwa she pia, Kihispania hapo hakijasema, kama Kiswahili, kwahiyo soma sentensi za juu yake ujue anaongelewa nani kabla hujaandika. Na ile le usiitafute kwenye Kiingereza, inarudia tu nadie, inafanya kazi kama ile -m- yetu kwenye hamwambii.

Nunca na jamás kwa Mswahili ziko rahisi kwa sababu tuna -wahi. Sijawahi ni never, umewahi ni ever. ¿Has visto jamás algo igual? ni umewahi kuona kitu kama hiki, hakuna kukanusha humo, ni "have you ever". Todavía no ni bado, na No ha llegado todavía ni hajafika, ile -ja- imebeba "yet" yote. Ya no ni "si tena", Ya no vive aquí, haishi tena hapa, "no longer".

Ninguno inataka uangalie hesabu. Wakiwa wawili, ninguno de los dos, Kiingereza ni "neither of them", wakiwa watatu na kuendelea ni "none of them", sisi tunasema "hata mmoja" kote kote ndo maana watu hawaoni tofauti. Pia Kihispania kinapenda umoja, No tengo ningún amigo, sina rafiki hata mmoja, ila Kiingereza kinapenda wingi hapo, "I have no friends". Mbele ya nomino ya kiume inakatwa kuwa ningún. Na alguno ikikaa nyuma ya nomino inageuka ya kukanusha, sin duda alguna, bila shaka yoyote, "without any doubt", problema alguno kwenye sentensi yenye no ni "no problem at all".

Kuna misemo inayotega sana. En absoluto, wengi wanasoma "absolutely", kumbe mgeni ukimuuliza kama anaona kero kusubiri akakujibu en absoluto anakwambia hata kidogo, "not at all", yani ni kinyume kabisa. En mi vida he visto cosa igual haina hasi inayoonekana lakini maana yake sijawahi kuona kitu kama hicho maishani. No es nada fácil si rahisi hata kidogo, nada hapo ni "at all" wala sio "nothing". Nada más llegar ni mara tu alipofika, "as soon as". Antes que nada ni kwanza kabisa. De nada ni jibu la asante, "you're welcome", No pasa nada ni usijali, hamna noma, isipokuwa mtu akiwa anaelezea mtaa uliopoa ndo inakuwa kweli hakuna kinachotokea. Nada de nada ni hamna kitu kabisa, hola tupu, ila hiyo hola yetu usimwambie Mhispania maana kwao ni salamu.

Hela nayo iangalie. No tengo más que diez mil chelines ni sina ila elfu kumi, "I only have ten thousand". No tengo más de diez mil ni haizidi elfu kumi. Que na de tu zimebadilisha bei ya mazungumzo yote.

Mingine kwetu inaingia kama imezaliwa hapa. No tiene ni pies ni cabeza, maneno hayana kichwa wala miguu, tena viungo vilevile, Kiingereza we andika "it makes no sense" inatosha. Un don nadie ni mtu si lolote si chochote, "a nobody". No es un cualquiera ni kinyume chake, si mtu wa hivihivi, "he's not just anybody". Ni hablar, thubutu, "no way". Ni modo ya Wameksiko ni ndo hivyo, basi tena, wala usihangaike kutafuta ni ya kukanusha humo. Más vale tarde que nunca tunayo, kawia ufike, na Kiingereza wanayo, "better late than never", hapa never inabaki maana kinacholinganishwa ni kuchelewa na kutofika kabisa. Na Nunca digas de esta agua no beberé, usiseme maji haya sitayanywa, ndo usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Kiingereza "never say never", fupi lakini maana imo. Methali ukishapata ya kwetu inayobeba maana ileile unakuwa umeielewa, ndo utafute ya Kiingereza, sio kabla.

Halafu kuna no ambayo haikanushi kitu. No me voy hasta que no vengas. Ya pili iache, ni siondoki mpaka uje, "I'm not leaving until you come". Sisi tuna yetu kama hiyo, "kabla hajaja", tumekanusha lakini hatumaanishi kukanusha, na Kiingereza kinasema "before he comes" bila hasi yoyote. Ukikumbuka kabla hajaja, hasta que no haikushindi.

Pale tu ambapo Kiswahili kinaweza kukuponza ni kwenye kujibu. Mgeni anauliza kwenye tiketi za boti, ¿No queda ningún billete? yani hakuna tiketi iliyobaki? Na kweli hakuna. Wengi wetu tunajibu eeh, hakuna, tunakubaliana na alichosema. Kihispania na Kiingereza wanaangalia ukweli wenyewe, tiketi hamna basi jibu ni No, na ukitafsiri ile eeh ya mkata tiketi kuwa sí au "yes" mgeni anaelewa zipo na anabaki kwenye foleni na mabegi yake. Kwahiyo jibu na kitenzi chake palepale: No, no queda ninguno, "No, there are none left". Zikiwa zipo, Sí, sí quedan, "Yes, there are some".