Jinsi ya kufanya tathmini ya mazingira ya barabara ya mjini inayopanuliwa na kuwekewa bustani katikati

Mradi wa kupanua barabara ya mjini ukifika mezani, mara nyingi huja na picha ya kupendeza: njia 4 za lami mpya, na katikati bustani yenye miti mikubwa iliyoshikana matawi. Miti ya kwenye picha ni ya miaka 15 au 20. Itakayopandwa ina shina la unene wa kidole gumba, na miti ya zamani iliyokuwa pembeni itakuwa imeshakatwa. Hapo katikati, kati ya kivuli kinachoondoka na kivuli kinachoahidiwa, ndipo kazi yetu ilipo.

Nimefanya tathmini hizi upande wa mshauri, kisha upande wa mkaguzi. Nilichojifunza pande zote mbili ni kwamba tathmini husaidia pale tu inapoweza bado kusogeza mstari kwenye mchoro. Ikianza baada ya mkandarasi kupatikana, utaandika kurasa 200 na hakuna hata sentimita 1 itakayobadilika. Kwa hiyo usisubiri kuitwa. Ukisikia wapimaji wameingia barabarani, omba michoro.

Hatua ya 1: Omba mchoro wa mkato kabla ya ramani

Ramani inakuonyesha barabara inapita wapi. Mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha barabara kana kwamba umeikata kwa kisu kutoka ukuta hadi ukuta, unakuonyesha nani anapoteza nini. Omba miwili, wa sasa na wa baadaye, kwa kipimo kimoja, uiweke mmoja juu ya mwingine. Jumlisha upana wa kila kitu: njia za magari, ukanda wa kati utakaobeba bustani, mitaro, njia ya baiskeli, njia ya waenda kwa miguu. Kama jumla imezidi hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kuna nyumba, uzio au mti utakaolipa tofauti hiyo, hata kama ripoti haijautaja.

Omba mchoro huo kwa sehemu kadhaa, hasa kwenye makutano. Mbali na makutano ukanda unaweza kuwa na mita 3, lakini ukikaribia makutano inaongezwa njia ya kukunja kona na ukanda unabaki zege la nusu mita. Nilishawahi kupitisha mpango wa miti kwa kuangalia mkato mmoja tu. Baada ya idhini, mwenye mradi aliongeza njia za kukunja kona na ukanda ukabaki mita 1.2 kwa karibu nusu ya urefu wake. Miti ilipandwa hivyo hivyo. Miaka miwili baadaye nilipita nikakuta vijiti vikavu. Tangu hapo naandika upana wa chini kabisa wa ukanda kama sharti la idhini, kwa kila sehemu.

Hatua ya 2: Itembee barabara yote, mara 3

Mara ya kwanza asubuhi shule zinapofunguliwa, mara ya pili usiku, mara ya tatu mvua ikinyesha. Ziara ya mvua ndiyo inayorukwa na wengi. Vaa buti, tembea mtaro mzima mpaka maji yanapoishia, hata kama ni nje ya mpaka wa mradi.

Na uliza watu. Katika barabara moja ripoti ya mafuriko ilisema eneo halina historia ya maji kuingia majumbani. Nilibisha hodi nyumba ya tatu kutoka kwenye kalavati. Mama mwenye nyumba alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye fremu ya mlango wa jikoni. “Mwanangu, yalifika hapa,” akaweka kiganja juu ya mstari wa kahawia ulioingia ndani ya mbao. Nikapima: sentimita 43 kutoka sakafuni. Mstari ule ulibadilisha ukubwa wa kalavati, kwa sababu ulikuwa kipimo ambacho hakuna kituo cha mvua kingeweza kutupa.

Hatua ya 3: Chuja mambo, usiandike kila kitu

Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 1970 ndiyo iliyoifanya tathmini ya aina hii kuwa wajibu, na Azimio la Rio la 1992, la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, likaiweka kama kanuni ya 17 kwa mataifa yote. Kwa hiyo karibu kila mahali utakuta orodha rasmi ya vipengele. Ifuate, lakini vipe uzito vile vinavyoumiza. Kwa barabara ya mjini, mara nyingi ni maji, miti, kelele na hewa, na usalama wa wanaovuka. Vingine vinaweza kumalizwa kwa aya moja moja.

Angalia pia kama mradi umekatwa vipande. Kilomita 2 leo, kilomita 2 mwakani, kila kipande kidogo kiasi cha kutodai tathmini kamili. Kama vipande vyote vinahudumia safari zile zile na kimoja hakina maana bila kingine, vitathmini pamoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji wewe mwenyewe

Hesabu hii haihitaji kompyuta. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1.

Chukua barabara ya kilomita 1 inayoongezewa mita 7 za lami. Hizo ni mita za mraba 7,000. Mvua ya milimita 40 kwa saa moja inamwaga hapo lita 280,000. Kama zamani palikuwa na nyasi na udongo, tuseme theluthi moja hivi ilikimbia na iliyobaki ikazama. Kwa makadirio ya asilimia 30, lita 84,000 zilifika mtaroni. Juu ya lami huweka asilimia 90: lita 252,000. Mradi umeongeza lita 168,000 kwa saa moja, na swali la kumuuliza mhandisi ni moja: zinakwenda kwa nani?

Hapa ndipo bustani ya katikati inaweza kufanya kazi ya kweli. Ukanda wa upana wa mita 2 kwa kilomita 1 una mita za mraba 2,000. Ukichimbwa uwe chini ya lami kwa sentimita 15, unaweza kushika lita 300,000 kabla ya kufurika, ikiwa ardhi ni tambarare. Kwenye mteremko weka vizuizi vidogo vya kukingama, la sivyo maji yote yatakimbilia upande wa chini.

Lakini ukisoma michoro mingi utakuta kinyume: udongo wa bustani umerundikwa kama tuta, kingo za zege zimeuzunguka bila tundu, na lami yenyewe imeinamishwa kuelekea pembeni. Bustani inamwagiliwa kwa boza huku maji ya mvua yakipita mita moja kutoka kwenye mizizi. Soma mwinamo wa lami kwenye mchoro, mishale ile midogo yenye asilimia. Kama yote inaelekea nje, ahadi ya bustani kunyonya maji haina msingi, hata iandikwe kwa herufi kubwa kiasi gani. Uliza kama kila upande unaweza kuinamishwa ndani, kingo ziachiwe mapengo, na ukuta wa plastiki nzito usimamishwe wima kati ya bustani na tabaka za barabara. Ukuta huo usisahaulike. Maji yakipenya chini ya lami hudhoofisha tabaka za msingi, na baada ya mashimo ya kwanza bustani ndiyo itakayolaumiwa.

Hatua ya 5: Pima kila mti, mmoja mmoja

Usikubali sentensi kama “takriban miti 80 itaathirika”. Chukua tepu, zungushia shina kwa kimo cha kifua, gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Wataalamu wengi wa miti hulinda mizizi kwa duara ambalo nusu-kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Mti wenye mzingo wa sentimita 188 una kipenyo cha sentimita 60, basi duara lake linafika mita 7.2 kutoka shinani. Chora duara hilo juu ya mchoro wa mtaro mpya. Mara nyingi mti ulioandikwa “utabaki” mtaro wake unapita mita 2 kutoka kwenye shina. Mti huo yaelekea hautabaki. Unaweza kusimama kijani mwaka mmoja au miwili, kisha ukakauka kuanzia juu, au ukaanguka siku ya upepo kwa kuwa mizizi ya upande mmoja ilikatwa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia.

Kabla ya kukubali ukatwe, uliza kama mtaro unaweza kukwepa, au kuchimbwa kwa mikono sehemu hiyo, au njia ya waenda kwa miguu kupita juu ya mizizi kwa sakafu inayopitisha maji. Kukwepa kwanza, kupunguza baadaye, kufidia mwisho. Ripoti nyingi zinarukia fidia kwa sababu ni rahisi kuandika “kila mti mmoja utafidiwa kwa mitatu”. Miche mitatu ndani ya udongo mbaya ni miche mitatu iliyokufa.

Kwa hiyo uliza udongo. Ukanda wa katikati mara nyingi umejazwa kifusi, mabaki ya lami na udongo ulioshindiliwa na mashine. Dai uchimbwe hadi mita 1 na kujazwa udongo hai. Kisha hesabu ujazo: upana mita 2, kina mita 1, miti kila baada ya mita 10, kila mti unapata mita za ujazo 20. Kwa mti wa wastani hiyo inaeleweka. Ukiona ukanda wa mita 1.2, sema wazi kwamba pafaa vichaka na majani, wala usiache mtu yeyote aahidi miti.

Hatua ya 6: Kelele na hewa, na idadi ya magari iliyo nyuma yake

Magari yakiongezeka mara mbili, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu, na ongezeko hilo sikio hulitambua kwa shida. Ripoti huishia hapo na kusema athari ni ndogo. Umesahaulika umbali. Njia ya nje ikisogea kutoka mita 12 hadi mita 6 za dirisha, zinaongezeka desibeli nyingine 3 hivi. Kwa pamoja ni 6, na mtu aliyelala chumba cha mbele atazisikia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45. Pima usiku, nje ya madirisha ya vyumba vya kulala, hospitali na shule za bweni. Na mtu asikwambie vichaka vya bustani vitazuia sauti. Ukanda mwembamba wa majani unaficha magari machoni, masikioni karibu haufanyi kitu.

Kwenye hewa, fungua ukurasa wa makadirio ya magari kabla ya ukurasa wa moshi. Ukikuta idadi ya magari ni ile ile, barabara ikipanuliwa au isipopanuliwa, rudisha ripoti. Lami mpya huvuta safari mpya. Mwaka 2011 wachumi Duranton na Turner walionyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba kilomita zinazoendeshwa hukua karibu sambamba na kilomita za njia zinazoongezwa. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: tangu Julai 2020, athari ya usafiri katika tathmini zake kwa kawaida hupimwa kwa kilomita zinazoendeshwa, na kwa miradi mingi foleni pekee haihesabiki tena kuwa athari kwa mazingira. Hata kama sheria unayoifuata haidai hivyo, weka makadirio mawili na uonyeshe tofauti.

Hatua ya 7: Simama pale watu wanapovuka

Barabara ya mita 7 mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anaivuka kwa sekunde 9 hivi. Ikiwa mita 14, anahitaji 17 na nusu, mbele ya magari yanayokwenda kasi zaidi kwa sababu njia ni pana. Ukanda wa kati unaweza kuwa pumziko lake, mradi uwe na upana wa walau mita 2 pale anaposimama, ukingo ushushwe kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na vichaka vya hapo visizidi kimo cha goti. Mtoto aliyefichwa na ua zuri hugongwa na dereva ambaye hakumwona kabisa. Weka vivuko kwenye njia ambazo watu wamezichimba kwa miguu yao. Utaziona kwenye nyasi, zimenyooka.

Hatua ya 8: Miezi ya ujenzi

Vumbi, saa za kazi, matope mtaroni, mchepuko wa magari kwenye mitaa ya makazi: masharti yake yanafahamika, yaandike. Ninachosisitiza ni vilivyozikwa. Mabomba ya zamani ya saruji yanaweza kuwa na asbesto, na kiwanja kilichowahi kuwa kituo cha mafuta kinaweza kuwa na udongo uliochafuka. Pima kabla kijiko hakijaingia. Kagua pia viota kabla ya kukata mti wowote, na ukataji upangwe nje ya msimu wa ndege kulea makinda.

Hatua ya 9: Andika masharti yanayopimika

Sharti kama “Mkandarasi atajitahidi kulinda miti” haliwezi kukaguliwa. Naandika hivi: “Mti namba 14 utazungushiwa uzio wa mita 7.2 kutoka shinani kabla ya mashine kuingia. Uzio hautaondolewa mpaka msimamizi wa mazingira asaini. Mche wowote wa ukanda wa kati utakaokufa ndani ya miaka 3 utapandwa upya na mkandarasi, na kiasi cha malipo kitazuiwa hadi hesabu ya mwisho ya miche.” Miaka 3 naiweka makusudi. Kipindi cha matazamio cha mwaka mmoja, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, huisha mti ukiwa bado unaishi kwa udongo uliokuja nao kwenye mfuko.

Masharti haya yaingie kwenye mkataba na kwenye jedwali la bei, kila moja na mstari wake. Kisha weka tarehe ya kurudi kwenye kalenda yako, katikati ya msimu wa mvua, na ukienda chukua tepu ile ile.