Namna ya Kuongoza Ukuaji wa Mimea kwa Kuzijua Homoni Zake

Homoni za mimea ni kemikali ambazo mmea huzitengeneza wenyewe, kwa kiasi kidogo mno, na ambazo huziamuru seli zake zigawanyike, zirefuke, zitulie au zizeeke. Zinazotajwa zaidi ni auksini, jiberelini, saitokinini, asidi ya absisiki na ethilini. Kwa mwenye shamba au kitalu, auksini na ethilini ndizo za kujifunza kwanza, kwa sababu anaweza kuziongoza kwa kisu na kapu alivyo navyo tayari, na mara nyingi hahitaji kununua kitu chochote dukani.

Auksini hutengenezwa kwa wingi katika ncha ya shina na katika majani machanga, kisha hushuka kuelekea mizizini. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba ncha ya chipukizi la nyasi ndiyo inayohisi mwanga, ilhali kupinda kwenyewe hutokea chini ya ncha hiyo. Mholanzi Frits Went alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba kuna kitu kinachoshuka: alikata ncha za machipukizi ya oti, akaziweka juu ya vipande vya agari, yaani jeli itokanayo na mwani, kisha akavipachika vipande hivyo peke yake juu ya mashina yasiyo na ncha, na mashina hayo yakaendelea kurefuka.

Maadamu ncha ipo, auksini inayoshuka huyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kwa hiyo, ukitaka mmea utanuke badala ya kurefuka, ondoa ncha. Chagua fundo lenye macho yenye afya, kisha kata kwa kisu kikali kidogo tu juu yake, kwa mshazari, ili maji yasituame kwenye jeraha. Usiache kipande kirefu cha shina juu ya fundo, kwani kitakauka na kualika magonjwa. Baada ya siku kadhaa utaona macho yaliyo karibu na jeraha yakivimba na kubadilika rangi kuwa kijani kibichi. Hayo ndiyo matawi yako mapya. Auksini haifanyi kazi hii peke yake, maana saitokinini inayopanda kutoka mizizini huyachochea macho, na strigolaktoni, ambazo ni homoni nyingine za mmea, huyazuia. Inafaa kujua kwamba strigolaktoni ndizo pia ambazo mizizi ya mahindi huzitoa ardhini, hasa penye upungufu wa fosforasi, na ndizo zinazozizindua mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mkulima anayerutubisha udongo wake anapunguza mwito huo.

Katika mibuni, jambo hilo hilo hupatikana bila kukata. Shina jembamba likilazwa na kufungwa kwa kamba hadi likawa upinde, macho yaliyo sehemu ya juu ya upinde hupata nafasi ya kuchipua, na maotea husimama wima juu yake. Acha mawili au matatu yenye nguvu na yaliyoachana vizuri, kisha uyang'oe mengine yangali machanga.

Kazi inayohitaji uangalifu zaidi ni kuotesha vipandikizi. Pingili ikikatwa kutoka kwa mama yake, auksini iliyo ndani yake huendelea kushuka na kujikusanya upande wa chini, na hapo ndipo mizizi huanzia. Pingili hukumbuka upande uliokuwa chini hata ukiigeuza, na ndiyo sababu mhogo uliopandwa kichwa chini huchelewa na kuchipua vibaya. Jizoeze kuikata ncha ya chini kwa mshazari na ya juu kwa unyoofu, ili usichanganyikiwe pindi zinapokuwa nyingi.

Chukua chai kama mfano. Kwenye tawi lenye afya, acha sehemu laini ya kileleni na sehemu ngumu ya kahawia ya chini, utumie ile ya katikati. Kila kipandikizi kiwe na jani moja zima, jicho lake kwapani, na shina la sentimita 3 hadi 4 chini ya jani hilo. Kata juu ya jicho bila kuligusa. Kichomeke kipandikizi kwenye mfuko wenye udongo wa chini wenye asidi, jicho likibaki juu ya udongo, kisha funika kitalu kwa plastiki na kukiwekea kivuli. Jani lisiondolewe, kwani hutoa chakula na auksini. Lakini kwa kuwa bado hakuna mizizi ya kulipatia maji, unyevu wa kitalu ndio uhai wake.

Kwa miti migumu kuota, ipo poda ya kuoteshea mizizi, ambayo kwa kawaida huwa na asidi ya indolibutiriki, aina mojawapo ya auksini. Mashina laini hutosheka na asilimia 0.1, yaliyokomaa kiasi 0.3, na magumu kabisa 0.8. Chovya sentimita moja tu ya chini, kung'uta iliyozidi, na utoboe shimo kwa kijiti kwanza ili poda isifutike unapochomeka. Kuzidisha hakuharakishi kitu: auksini nyingi huiozesha ncha na kuyazuia macho.

Ethilini ni gesi, na kila anayevundika ndizi huitumia. Ndizi iliyokomaa ikianza kuiva hutoa ethilini, nayo huzichochea nyingine ziive na kutoa zaidi. Chagua ndizi ambazo pembe zake zimeanza kupotea. Changa zitalainika bila utamu. Ziweke kwenye kapu au sanduku pamoja na ndizi chache zilizokwisha kuiva au parachichi, ufunike kwa majani ya mgomba au gunia, mahali penye kivuli. Fungua mara moja kila siku, kwa maana ndizi zinazopumua hujaza hewa ya ukaa, na gesi hiyo ikizidi huizuia ethilini. Usijaribu njia hii kwa machungwa wala mananasi, kwani hayaendelei kuiva yakishavunwa. Wala usitumie kabaidi: gesi yake ya asetilini huigiza ethilini, lakini kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na mlaji hana njia ya kuyagundua kwa kuliangalia ganda.