Somo: Kishikio cha mlango wa zamani kimelegea? Usikimbilie kununua kitasa kipya

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Nazungumzia vitasa vya zamani vilivyochimbiwa ndani ya ubao, vyenye vishikio viwili vya duara vilivyoungwa na chuma cha pembe nne. Chuma hicho nitakiita mhimili.

1. Tia kabari mlango ukiwa wazi. Ukijifunga huku kishikio kiko mkononi, shauri yako.

2. Kwangua rangi kwenye mfereji wa skrubu kabla ya kutia bisibisi. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo ilowanishe kwanza. Usiipige msasa kavu.

3. Legeza skrubu ndogo shingoni mwa kishikio, kizungushe kinyume cha saa hadi kitoke.

4. Kagua nyuzi za mhimili (mikato kama ya skrubu inayoshika kishikio). Zikiwa zimelika, badilisha mhimili. Nenda na ule wa zamani dukani, maana nyuzi hazifanani zote.

5. Kurudisha. Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo soma mara mbili. Skrubu ndogo ikae juu ya ubapa wa mhimili, SIYO kwenye kona. Ikikaa kwenye kona utadhani imekaza, kumbe inateleza kidogo kidogo na kuchubua nyuzi. Zungusha kishikio hadi kiguse kibati (bamba dogo lililofungwa kwa skrubu mlangoni, nyuma ya kishikio), kisha kirudishe nyuma mpaka ubapa wa kwanza uelekee tundu la skrubu. Pande ni nne, kwa hiyo nafasi hupatikana kila robo mzunguko. Acha kicheze kama milimita 1. Kikikandamiza kibati, ulimi (kile chuma kinachoingia kwenye fremu) hautarudi wenyewe na utailaumu springi bure. Robo hii inabana, ya nyuma yake inalegea mno? Tia washa (kipete bapa cha chuma) nyembamba kati ya kishikio na kibati. Na usikaze kwa hasira: mfereji wa skrubu hiyo ukimeguka, utaitoa kwa drili.

6. Tundu za skrubu za kibati zilizopanuka kwenye ubao: gonga kijiti cha mbao ngumu chenye gundi ya mbao, ngoja saa 24, kata usawa, toboa upya milimita 2.5 kwa skrubu ya milimita 4. Usizidishe kina, nyuma yake kuna kitasa. Skrubu ya shaba ni laini, hukatika: tangulizia ya chuma ya kipimo kilekile, itoe, ndipo uingize ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa.

Mzee_wa_Haraka: Mkuu, changu kinazunguka tu, mlango haufunguki. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4.

Mzee_wa_Haraka: Nilishakaza skrubu mpaka mwisho, siku tatu ikalegea. Somo lako halisaidii.

Mwandishi: Umekaza kwenye kona. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Binti_Bisibisi: Asante kwa somo. Nimetoa vishikio vyote viwili na bado ulimi haurudi. Ndiyo springi imekufa?

Mwandishi: Umeanza vizuri kwa kutoa vishikio. Sukuma ulimi kwa kidole. Ukirudi kwa kujivuta, ni rangi na uchafu. Ukibaki ndani, springi imevunjika au imechomoka. Toa kitasa, kilaze, fungulia kifuniko ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, kwa sababu springi huruka na hutaiona tena. Piga picha kabla hujagusa kitu. Osha vyuma kwa mafuta ya taa mbali na moto, kausha, paka grisi kiduchu panaposuguana tu. Springi ikiwa ya bapa, tafuta ya unene na upana uleule; nene zaidi itafanya kishikio kiwe kigumu.

Kutu_Sugu: Nyongeza: kabla ya kung'arisha kishikio cha shaba, weka sumaku. Ikinasa, si shaba tupu bali chuma kilichopakwa shaba. Ukisugua sana utaifuta.

Binti_Bisibisi: Springi ilikuwa imechomoka tu! Sasa ulimi unatoka, ila hauingii kwenye tundu la fremu.

Mwandishi: Paka chaki kwenye ulimi, funga mlango, uone alama ilipo. Ikiwa chini ya tundu, mlango umelala: kaza bawaba ya juu kabla hujashika patasi.