Una digrii ya biashara na unataka udaktari Marekani? Anza hivi

Mi nilikuwa mhasibu hapa Dallas, digrii yangu haina hata somo moja la baiolojia, nilianza nina miaka 29 na sa hivi niko mwaka wa tatu wa chuo cha udaktari. Wadogo zangu wengi wakinipigia wanauliza MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, isomweje, nawaambia hilo ni la baadae, shikeni kalenda kwanza.

Hatua ya 1: hesabu kurudi nyuma. Maombi yanatumwa Juni, masomo yanaanza kiangazi cha mwaka unaofuata. Ukitaka kuanza 2029 basi maombi yaende Juni 2028, MCAT uwe umeifanya kama Aprili, na sayansi zako ziwe zimeisha kabla ya hapo.

Hatua ya 2: kusanya transkripti, na nikisema zote ni zote. AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya MD (digrii ya udaktari) vinapokelea maombi (vyuo vya serikali vya Texas vina wa kwao, TMDSAS), inahesabu kila gredi uliyopata koleji za Marekani hata ya somo ulilorudia. Mi nilisahau komyuniti koleji moja niliyosoma hisabati muhula mmoja tu miaka ya nyuma, transkripti yao ikachelewa, faili langu likakaa wiki tano halijaguswa huku wenzangu washaanza kuandikia vyuo esei za pili, iliniuma sana. Kama digrii ni ya nyumbani jua vyuo vingi havikubali sayansi za nje, utazisoma upya hapa. Na kama huna grini kadi soma masharti ya kila chuo mapema, vingi havikuchukui.

Hatua ya 3: sayansi. Baiolojia mwaka, kemia ya kawaida mwaka, kemia ya oganiki mwaka, fizikia mwaka, zote na maabara, halafu bayokemia. Tafadhali usiweke oganiki na fizikia muhula mmoja na bado unapiga shifti kamili, mi nilifanya hivyo nikatoka na C. Niliporudia somo nikaacha kukariri, nikanunua ubao mweupe nikauweka jikoni, kila jioni nachora rieksheni kumi, naangalia elektroni zinatoka wapi zinaenda wapi, nachora mshale, nafuta, naanza tena mpaka mkono wenyewe ukazoea.

Hatua ya 4: gusa wagonjwa, na hapa ndo nasisitiza kuliko pote. Kumfuata daktari kazini ni lazima ila pale unaangalia tu. Kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) mafunzo yake ni wiki chache na unalipwa. Nilikuwa na bibi mmoja kiharusi kilimchukua sauti, akitaka maji anabana kidole changu mara mbili, akitaka kugeuzwa anabana mara moja na kukishikilia, ilinichukua wiki nzima kumuelewa. Esei yangu ilitoka kwake.

Hatua ya 5: sasa MCAT. Ni kama saa saba na nusu ukiweka na mapumziko, maksi 472 hadi 528. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu kinachotuangusha ni CARS, sehemu ya kusoma vifungu na kuvichambua, maswali 53 kwa dakika 90 ya kusoma tu, kwahiyo anza vifungu viwili kila siku tangu mwaka wa kwanza, mi vyangu nilivisoma saa tisa usiku kwenye breki. Usiende kujaribu bahati, mwisho ni mara 3 kwa mwaka na 7 maisha yako yote, na vyuo vinaziona zote.

Hatua ya 6: maombi. Barua za walimu omba wakati bado uko darasani kwao wanakukumbuka. Esei kuu ni herufi 5,300 ukihesabu na nafasi za katikati, shughuli zisizidi 15. Kama kipato ni kidogo AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachosimamia MCAT na AMCAS, wana msaada wa ada, uombe kabla hujalipia MCAT wala maombi, maana ukishalipa hawakurudishii.